Mpiga Gitaa Anapofungua Duka

Majuma machache yaliyopita alinijia kijana mmoja wa Mathira, mpiga gitaa anayejulikana sana katika arusi za upande ule, akiwa na karatasi mkononi. Alitaka nimsaidie kuandika maombi ya leseni ya biashara. Nia yake ni kukodi chumba kimoja mjini Karatina, auze humo magitaa, ngoma, vinanda, nyuzi na vipaza sauti, na watakaoliendesha duka hilo ni yeye, dada yake na mama yao. Rasilmali yake ni akiba ya fedha za arusi pamoja na sehemu ya malipo ya majani chai ya mama yake. Maombi nilimwandikia. Lakini mazungumzo yetu yalichukua muda mrefu kuliko maombi yenyewe, nami naona yafaa niyaweke hapa, kwa sababu wapiga muziki wenye wazo kama lake si haba, toka Murang'a hata Meru, na wengi wao hudhani kuwa kujua kulipiga gitaa ni nusu ya kujua kuliuza.

Kwanza nilimwambia kuwa wazo lake si geni katika nchi yetu. Zamani, santuri zilipokuwa ndiyo njia ya kuupata wimbo, biashara ya muziki ilikuwa mikononi mwa wenye maduka. Assanand & Sons walikuwa na duka la santuri, na lebo yao ya Mzuri ikajulikana pwani na bara; jina lenyewe la duka lasema kuwa ni la baba na wanawe. Kule Kericho, duka la Chandarana nalo likawa na lebo zake, na waimbaji wa magharibi wakasafiri kwenda huko kurekodi. Mwenye duka ndiye aliyekuwa na fedha za kulipia studio na kiwanda, ndiye aliyejua santuri gani imekwisha na ipi imelala na vumbi, na ndiye aliyepokea shilingi ya mnunuzi. Mwimbaji, mara nyingi, alipewa fedha za mkupuo mmoja, akarudi kwao, na kama wimbo uliuzwa mwaka mzima baadaye yeye alisikia habari hiyo kwa watu tu.

Mtu wa kwetu aliyeiona siri hii mapema ni Joseph Kamaru. Alizaliwa Kangema, katika Murang'a, mwaka 1939. Mwaka 1957 alikwenda Nairobi kutafuta kazi, na kabla ya kuishi kwa muziki alifanya kazi za nyumba za watu, kufagia na hata kulea watoto. Muziki aliuanza mwaka 1965, na wimbo uliompatia jina, “Celina”, ulitoka mwaka 1967, naye aliuimba pamoja na dada yake, Catherine Muthoni. Baadaye akawa na maduka yake mwenyewe mjini Nairobi, City Sounds na Njung'wa. Mwenyewe alikuwa akisema kuwa santuri zake zilizouzwa zilifika nusu milioni. Basi piga hesabu kama karani: hata kama ni senti chache tu za kila santuri zilizobaki mezani pa muuzaji, mtu aliyekuwa na meza yake mwenyewe alikuwa katika hali tofauti kabisa na yule aliyekuwa na sauti peke yake. Baada yake wengine walifuata njia hiyo. Albert Gacheru, aliyeimba “Mariru”, alianzisha Wamaitu Productions, naye akawa mtoaji wa kazi za waimbaji wenzake na si mwimbaji tu.

Kijana wangu aliposikia hayo alitabasamu, akasema, “Basi, Bwana Karani, niko njia moja na wakubwa.”

Nikamwambia angoje kidogo. Kamaru aliuza nyimbo. Yeye ataweza kuuza nyimbo?

Tazama yaliyotokea. Santuri haikuweza kunakiliwa na jirani, ilihitaji kiwanda. Ilipokuja kaseti, mtu yeyote mwenye mashine mbili na waya mmoja aliweza kukaa nyumbani kwake na kutoa nakala mia, na katika miaka ya 1980 nakala za wizi zilijaa katika kila stendi ya magari. Mwaka 1983 kilianzishwa chama cha kukusanya haki za watunzi, MCSK, lakini nakala za wizi zilikuwa zimekwisha kutangulia. Kampuni kubwa za kigeni zilizokuwa zikitoa santuri Nairobi zilifunga kazi moja baada ya nyingine. Kisha ikaja sidii, nayo ikanakiliwa kwa urahisi zaidi. Leo hata nakala ya wizi haiuziki, kwa sababu wimbo humfikia mtu katika simu yake akiwa shambani anachuma chai. Mwimbaji huweza kupata kitu kidogo kwa njia hiyo ya simu, lakini mwenye duka la barabarani hapati hata senti.

Kwa hiyo mtu anayefungua duka la muziki kwa kumwiga Kamaru neno kwa neno atafunga mlango kabla ya mvua za pili. La kuiga kwake ni ile akili ya kusimama mahali fedha inapopita. Na siku hizi haipiti mahali wimbo unapouzwa, bali mahali chombo kinaponunuliwa, kinapovunjika na kinapotengenezwa. Uzi wa gitaa haupitii katika simu.

Sasa ni nani hununua vyombo katika miji hii ya chini ya Mlima Kenya? Hapa kijana alikuwa na majibu mazuri kuliko niliyotazamia, na mengine niliyajua mimi kwa kuwa ofisini hupita watu wa kila namna.

Kwanza ni mashule. Mtaala mpya ulipofika gredi ya nne mwaka 2020, wazazi wengi walijikuta wakitafuta filimbi ya plastiki, ile iitwayo rikoda, ambayo wao wenyewe hawakupata kuiona walipokuwa wanafunzi. Filimbi hizo huuzwa na mwenye duka la vitabu, na pia na mwenye duka la sabuni na unga. Nyingine zikipigwa hulia kama paka aliyebanwa mlangoni. Mzazi hajui, hununua ya bei rahisi, mtoto huambiwa darasani kuwa hajui kupiga, kumbe chombo chenyewe hakina sauti sahihi. Mpiga muziki anayeuza filimbi aweza kuipuliza kwanza mbele ya mnunuzi, halafu aisafishe vema, na zile mbovu azirudishe kwa muuzaji wa jumla. Muuza sabuni hawezi kufanya hivyo. Sikio lake ndilo rasilmali ambayo hakuna benki itakayomdai. Tena kuna Mashindano ya Muziki ya Kenya, ambayo yalianza mwaka 1927 na hufanywa kila mwaka. Walimu wa kwaya huanza kutafuta ngoma, kayamba na njuga mapema, na yule atakayekuwa nazo tayari hatahitaji kuweka tangazo.

Pili ni makanisa, nayo hayafanani. Kanisa moja lataka kinanda cha umeme na vipaza sauti. Kanisa la Akorino lataka ngoma, na ngoma hasa, zenye ngozi inayostahimili kupigwa tangu asubuhi hata jioni. Ngozi hupasuka. Atakayeweza kuwamba ngozi mpya katika juma moja, ili Jumapili isipite kimya, huyo atakuwa na wateja maisha yake yote. Kwa kinanda cha umeme mambo ni mengine: hununuliwa na kamati, na kamati hununua baada ya mikutano minne, mchango mmoja na mabishano yasiyo na idadi. Nilimwambia kijana asimpe mtu kinanda kwa ahadi ya mchango ujao, hata kama anayeahidi amevaa kola ya kichungaji.

Kisha wapo wapigaji wenyewe. Mtu wa mugithi huketi peke yake na gitaa lake usiku kucha, watu wakishikana mabega kwa mstari na kuzunguka chumba kama behewa za treni, ambayo ndiyo maana ya jina hilo. Nyuzi zake hukatika saa saba za usiku, na kesho yake hutaka nyingine. Wazee nao wa mwomboko, dansi iliyokua katika miaka ya 1930 na 1940 kwa kinanda cha mkono na karing'aring'a, yaani kile kipete cha chuma kigongwacho kwa kijiti cha chuma, wana vinanda vilivyokaa chini ya vitanda kwa kuwa hakuna wa kuvitengeneza. Mifuko yake imetoboka, vitufe vimekwama. Kijana alisema kuwa amekwisha kutengeneza viwili kwa kujaribu tu. Nilimwambia kuwa viwili hivyo vina thamani kuliko magitaa kumi mapya ukutani.

Nasisitiza jambo hili la kutengeneza kwa sababu naliona ndilo moyo wa duka. Gitaa jipya laweza kuning'inia ukutani miezi sita likila kodi ya chumba. Lakini gitaa lililolegea shingo, lenye nyuzi zilizo juu mno hata vidole vya mwanafunzi vikatoka damu, au tundu la waya lililoacha kushika, huja kila juma. Kazi ya kuchomea waya ni ya dakika chache, na uzi hugharimu kidogo. Fedha inayolipwa ni ya ujuzi. Tena anayeleta kilichovunjika hutazama kilicho ukutani wakati anangoja. Basi meza ya kutengenezea isiwekwe nyuma ya pazia kama kitu cha aibu. Iwe mbele, karibu na dirisha, watu waone.

Na kwa kuwa nimetaja ukuta, neno moja juu ya hali ya hewa. Mbao hunywa maji. Nyeri na Othaya katika mwezi wa Julai ni baridi na ukungu, na mbao za gitaa huvimba. Likipelekwa Nanyuki, kwenye upepo mkavu, hunywea na kupasuka. Chumba cha mabati kisicho na dari huongeza madhara, kwa maana mchana huwa tanuru na usiku huwa jokofu. Atundike vyombo kwenye ukuta wa ndani, si ule wa nje, na awaambie wanunuzi wa Nanyuki wasiliache gitaa garini juani. Hili nalo ni jambo ambalo muuza sabuni hatamwambia mtu.

Fedha za kwetu zina majira kama mvua. Mkulima wa chai hupata malipo kidogo kila mwezi na malipo makubwa mara moja kwa mwaka, karibu na Oktoba. Mkulima wa kahawa hungoja malipo ya chama chake. Mwenye duka atakayejaza magitaa mwezi wa Februari, wakati wazazi wamekwisha kulipa karo, atakaa akiyatazama. Bora mwanzoni mwa mwaka auze filimbi na nyuzi na kutengeneza, kisha mali kubwa ailete Septemba, ili iwepo wakati malipo ya chai yanapotoka na arusi za Desemba zinapokaribia.

Nilipofika hapo niliona kijana ameridhika, lakini jambo zito kuliko yote lilikuwa bado. Nilimuuliza, “Dukani atakaa nani?”

Akasema, “Dada yangu. Mimi hurudi kutoka kazini saa kumi na moja alfajiri.”

Jibu hilo ni la kweli, nami nalisifu. Mpiga muziki hulala wakati ambapo mteja anaamka, na duka lisilofunguliwa saa mbili asubuhi si duka. Lakini nikamuuliza, “Dada atalipwa nini?” Akanitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya maji ya mtoni. Dada ni dada, alisema; atakula nyumbani, na akihitaji kitu atapewa. Tena, akaongeza, siku moja ataolewa.

Hapo ndipo maduka mengi ya jamaa hufia, ndugu zangu, na hufa polepole hata watu wasijue ugonjwa ulianza lini. Msichana huyo ndiye atakayejua mteja gani hudaiwa, mwalimu gani ameagiza kayamba, na ngozi ipi imeletwa na nani. Akikaa miaka mitano bila mshahara wala fungu, akaondoka, ataondoka na duka zima kichwani mwake. Na kama haondoki, bali anakaa kwa uchungu, shilingi zitaanza kutoka sandukuni kimya kimya, wala sitamwita mwizi, kwa maana hakuna aliyempimia haki yake.

Mji huo huo wa Karatina una mfano mzuri, ingawa si wa muziki. Mwandishi Gakaara wa Wanjau, aliyezaliwa mwaka 1921 na kufariki mwaka 2001, hakungoja wachapishaji wa Nairobi wampende. Aliandika vitabu vya Kikuyu, akavichapa na kuviuza mwenyewe, na mtambo wake ulikuwa Karatina. Mkewe, Shifira Wairire, alikuwa mwenzake katika kazi hiyo, wala si mtazamaji, na wote wawili walipata kufungwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari. Mwaka 1984 Gakaara alipewa tuzo ya Noma kwa kitabu chake cha kumbukumbu za kizuizini. Tuzo hiyo ya bara zima ilikuja katika mji wa soko, kwa watu waliokuwa na mtambo wao.

Kwa hiyo nilimshauri kijana aandikishe jina la biashara pamoja na dada yake na mama yake kama washirika watatu, kila mmoja na fungu lake limeandikwa. Mama ametoa fedha za chai. Hizo ni rasilmali, si zawadi, na ziandikwe. Dada apewe mshahara wa kila mwezi, hata ukiwa mdogo, na fungu lake la faida libaki lake akiolewa au asipoolewa. Kijana alisema kuwa wazee watashangaa. Huenda. Lakini Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, haimbagui mtoto wa kike na wa kiume, na sioni kwa nini daftari la duka liwe nyuma ya sheria.

Juu ya daftari lenyewe sitasema mengi, kwa kuwa wasomaji wa safu hii wananijua na udhaifu wangu huo. Methali yasema mali bila daftari hupotea bila habari. Fedha za arusi zisichanganywe na fedha za duka. Gitaa ambalo mwenyewe hulipiga lisihesabiwe kuwa mali ya kuuza. Na binamu akija kuazima kipaza sauti kwa ajili ya mazishi, aandikiwe kama mtu mwingine yeyote: amekichukua siku gani, atakirudisha siku gani, kikipasuka ni juu ya nani. Kukodisha vipaza sauti kwa mazishi na mikutano ni biashara nzuri sana Nyeri. Tena ndiyo inayoliwa zaidi na jamaa, kwa sababu nani atamdai mfiwa?

Baki moja ni nyimbo za kijana mwenyewe, maana naye hutunga. Nilimweleza kuwa kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 haki ya mtunzi wa wimbo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki, bali haki ya rekodi yenyewe hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Hesabu hizi mbili huchanganywa na watu wengi. Kamaru alifariki tarehe 3 Oktoba 2018. Basi nyimbo alizotunga zina haki hata mwisho wa mwaka 2068, ilhali rekodi ya mwaka 1967 ilimaliza miaka yake 50 mwaka 2017. Mjukuu wake, aliyepewa jina lake na ajulikanaye kama KMRU, naye ni mtu wa kazi ya sauti aliyejulikana hata Ulaya, na amekuwa akizitoa upya rekodi za babu yake. Kazi kama hiyo haifanyiki kama nyumbani hakuna aliyetunza kanda na karatasi. Kijana aziandikishe nyimbo zake katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, na hati aziweke katika sanduku moja na zile za duka, mahali ambapo dada na mama wanapajua.

Na akitaka kupiga muziki wa wengine kwa sauti kubwa mlangoni ili kuvuta wapita njia, ajue kuwa hilo nalo lina leseni yake, mbali na ile ya kaunti. Wengi hushangaa wakaguzi wanapofika. Ada za kaunti huweza kubadilika kila mwaka pamoja na sheria ya fedha ya kaunti, kwa hiyo aulize kwanza katika ofisi ya mapato, tena aulize kwa maandishi, kabla ya kumpa mwenye nyumba kodi ya miezi mitatu. Vyumba vya Karatina havikodishwi kwa ahadi, na fedha iliyokwisha kuingia mfukoni mwa mwenye nyumba hairudi kwa sababu leseni imechelewa.